Mchekeshaji anapotoa rekodi ya kwanza, Arusha inasikiliza nini?

Kwa muda sasa Arusha imekuwa ikishuhudia jambo ambalo wengi wamelizungumzia kwa haraka na wachache wamelitafakari. Vijana waliojulikana kwa vichekesho vifupi vya kwenye simu, wale wa kuigiza mama mwenye nyumba, konda wa kifodi (daladala ya Arusha) na fundi gereji mwenye maneno mengi, wanaingia studio, wanachana, na wanatoa rekodi zao za kwanza kama marapa kamili. Mapokezi yamegawanyika. Kuna wanaocheka, wakasambaza kipande cha sekunde chache, kisha wakaendelea na shughuli zao. Na kuna wengine, ambao ndio wenye sauti kubwa vijiweni, wanaosema kwamba huu ni mzaha uliowekewa mdundo na kwamba mji wenye jina la hip hop haupaswi kuuita muziki. Mimi naona kwamba makundi yote mawili yanafanya kosa lile lile: yanamhukumu mtu kwa kazi iliyomtambulisha kabla hajashika kipaza sauti, na hakuna anayekaa na rekodi yenyewe kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Rapa mchekeshaji anastahili kupimwa kwa mistari yake kama rapa mwingine yeyote, kisha aulizwe swali moja la ziada ambalo ni gumu kuliko yote anayoulizwa sasa: katika vichekesho vyake anachekwa nani, na huyo anayechekwa ana nafasi ya kujibu?

Ukali wa mapokezi haya hauwezi kueleweka bila kukumbuka jinsi mji huu ulivyojijenga kimuziki. Kundi la X Plastaz lilianzishwa hapa mwaka 1996, na albamu yao ya Maasai Hip Hop ilipotoka mwaka 2004 kupitia kampuni ya Ujerumani, iliwafikia wasikilizaji wa Ulaya ikiwa na Kiswahili chake na Kimaasai chake bila kuomba radhi kwa yeyote. Wakaja Nako 2 Nako, wakaja Watengwa, kisha Weusi, yaani Joh Makini, Nikki wa Pili, G Nako na Lord Eyez. Wakati Bongo Fleva ya Dar es Salaam ikizidi kuegemea nyimbo za mapenzi na za kucheza, Arusha ilishikilia mistari, na ikajivunia kuishikilia. Nikki wa Pili alipoteuliwa kuwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe mwaka 2021, wapo wengi mjini hapa waliochukulia uteuzi ule kama ushahidi kwamba kuchana ni kazi ya watu wanaofikiri. Kijana wa Ngarenaro au Unga Limited, kwa hiyo, amekua akiambiwa kwamba hip hop ni msimamo, na kwamba kuna watu waliolilipia jina hilo kwa miaka mingi ya kufanya maonyesho bila malipo ya maana. Akimwona mtu aliyevaa wigi la mama mwenye nyumba wiki iliyopita akitangaza albamu wiki hii, anaona kama anaporwa kitu. Hofu hiyo ina msingi, nami siidharau.

Hata hivyo, hoja inayotumiwa mara nyingi kuitetea hofu hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote. Inasemwa kwamba hip hop ilizaliwa kama harakati, kwa hiyo anayechekesha yuko nje yake. Historia haisemi hivyo. Sherehe inayohesabiwa kuwa chimbuko la utamaduni huu, ile ya DJ Kool Herc katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue huko Bronx, tarehe 11 Agosti 1973, ilikuwa sherehe ya vijana kucheza muziki. Rekodi ya kwanza ya rap kupata umaarufu mkubwa, Rapper's Delight ya mwaka 1979, ina sehemu nzima ya mtu aliyealikwa kula kwa rafiki yake akakuta chakula hakiliki, naye anatafuta njia ya kuondoka bila kumvunjia heshima mwenyeji wake. The Message, ambayo ndiyo hutajwa kama mwanzo wa rap ya kueleza dhiki ya mtaani, ilitoka mwaka 1982. Kwa rekodi hizo mbili, basi, kichekesho kilitangulia malalamiko kwa miaka mitatu. Na tuzo ya Grammy ya rap ilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa, mwaka 1989, ilikwenda kwa DJ Jazzy Jeff na Fresh Prince kwa wimbo wa kuchekesha kuhusu wazazi wasiowaelewa watoto wao. Washindi hao hao walisusia hafla kwa sababu tuzo yao haikupangwa kuonyeshwa kwenye televisheni. Watu waliosifika kwa kuchekesha walikuwa tayari kukosa jukwaa kubwa kuliko yote ili rap iheshimiwe, na anayedai kwamba mchekeshaji hana msimamo atueleze kitendo hicho akiite nini.

Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mwaka 2001 Professor Jay alitoa Machozi, Jasho na Damu, albamu yake ya kwanza akiwa peke yake baada ya kazi yake na kundi la Hard Blasters, na wimbo uliokaa midomoni mwa watu kuliko nyingine zote ulikuwa Ndio Mzee. Ule ni mchezo wa kuigiza. Mgombea anasimama mbele ya wananchi akiahidi mambo yasiyowezekana, na umati unamwitikia kwa utii ule ule kila anapoongeza ahadi nyingine. Hakuna mahali ambapo rapa anavua vazi la mgombea na kutuhutubia kwamba wanasiasa wanadanganya. Kazi yote imefanywa na kicheko, na hasa na umati unaoitikia, kwa sababu msikilizaji anayecheka ahadi zile anajikuta taratibu akijiuliza kama yeye mwenyewe hakuwahi kuitikia hivyo kwenye mkutano wa kampeni. Mwaka 2015 mtu huyo huyo alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi. Ningependa nielezwe na wale wanaotenganisha kichekesho na harakati ni wimbo gani wa hasira, wa mwaka ule, uliowafanya Watanzania waitazame kampeni ya uchaguzi kwa jicho kali kuliko huo.

Kuna kundi jingine la wakosoaji ambalo ni makini zaidi. Hawa wanakubali kwamba kicheko kina nafasi yake, lakini wanasema mchekeshaji anapata njia ya mkato: watu wanamcheka kwa sababu wameshazoea kumcheka, kwa hiyo hahitaji kuandika vizuri. Hoja hii naiheshimu, na jibu lake liko katika ufundi. Mfano bora ninaoufahamu ni Biz Markie wa New York, aliyeitwa mwana wa mfalme wa vichekesho katika hip hop. Rekodi yake ya kwanza, Goin' Off, ilitoka mwaka 1988 ikiwa na wimbo kuhusu watu wanaochokonoa pua, na ukiishia hapo unaweza kusema ni upuuzi. Lakini sehemu ya mashairi ya rekodi ile yaliandikwa na Big Daddy Kane, mmoja wa watunzi hodari kuliko wote wa kizazi kile, na humo humo kuna Vapors, wimbo unaosimulia mmoja baada ya mwingine watu waliodharauliwa wakiwa hawana kitu, kisha wakakimbiliwa na wale wale waliowadharau mara tu mambo yalipowanyookea. Mwaka uliofuata alitoa Just a Friend, ambao kiitikio chake amekiimba mwenyewe kwa sauti isiyofuata noti, nao ukafika nafasi ya 9 katika chati kuu ya Marekani mwaka 1990. Sauti ile mbovu ndiyo inayoubeba wimbo. Mwanamume aliyedanganywa na mpenzi hawezi kuimba vizuri. Angeimba vizuri tungedhani hajaumia. Biz Markie alipofariki mwaka 2021, marapa wa kila aina walimwomboleza, wakiwemo wale ambao hawajawahi kutoa mstari mmoja wa kuchekesha.

Nirudi Arusha, kwa sababu ufundi wa aina hiyo ninao mfano wake hapa. Katika rekodi ya kwanza ya kijana mmoja wa mjini, ambaye simtaji jina kwa kuwa ninachokijadili ni mapokezi na sitaki makala hii iwe tangazo lake, kuna wimbo unaotokea ukumbini usiku wa harusi. Mdundo ni mzito na sauti ni ya mtu mwenye fedha. Anajigamba kwamba yeye ndiye wa kwanza kufika na ndiye wa mwisho kuondoka, kwamba hakuna meza asiyoijua, kwamba mwenyekiti wa kamati amempigia simu tangu alfajiri, kwamba hata bibi harusi hawezi kukaa mpaka yeye amesema ndiyo. Kwa beti mbili unadhani unasikiliza majigambo ya kawaida ya rapa. Kisha, mwishoni kabisa mwa ubeti wa pili, anaanza kulalamika kwamba wingu la Meru limekaa vibaya na vitambaa vyake havijakauka, na ndipo unapogundua kwamba bosi huyu ndiye anayekodisha viti na kuvipanga. Ukirudia wimbo kutoka mwanzo unakuta kila alichojigamba nacho kilikuwa kweli tupu. Hakuna uongo hata mmoja. Kilichobadilika ni masikio yako. Halafu unakuja ubeti wa tatu: harusi imekwisha, kamati imevunjwa, salio la malipo yake halijulikani liko kwa nani, na mwenyekiti aliyekuwa akipiga simu tangu alfajiri sasa hapokei. Ulianza kwa kumcheka mpanga viti, unamaliza ukiicheka kamati, na kama umewahi kukaa kwenye kamati ya harusi ya mji huu unajua uchungu wa kicheko hicho.

Kuandika hivyo kwa Kiswahili ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Lugha yetu inampa mtunzi vina vingi vya bure, kwa kuwa vitenzi vyake vingi huishia na sauti ile ile, na rapa mvivu anaweza kujaza ubeti mzima kwa vitenzi vinavyolingana mwishoni bila kusema lolote. Mchekeshaji hana maficho hayo. Kicheko chake lazima kitue mahali pamoja, mara nyingi kwenye neno la mwisho la mstari, na neno hilo lisipokuwa lenyewe hasa, ukumbi haucheki na kila mtu anajua kwamba ameanguka. Rapa wa mambo mazito anaweza kupigiwa makofi kwa nia njema. Mchekeshaji hapewi makofi ya nia njema.

Sasa, kipande gani cha wimbo ule kilisambaa? Kiitikio, ambapo anamwigiza mjomba aliyelewa akidai kipaza sauti atoe nasaha. Kipande hicho kinachekesha, sikatai, lakini hakina uhusiano wowote na mpanga viti. Nimeusikia wimbo huo ukipigwa kwenye kifodi cha kwenda Sakina. Abiria walicheka kwenye kiitikio, konda akakirudia kwa sauti, na dereva akabadilisha kabla ubeti wa tatu haujaanza. Hapo ndipo ninapowalaumu washabiki wa kijana huyu kuliko ninavyowalaumu wapinzani wake. Wanaotetea wachekeshaji kwa kusema "watu wamecheka, yatosha" wanawaua kwa upendo. Mtu akicheka mara ya kwanza, kazi kubwa imefanywa na uso aliouzoea kwenye simu. Rekodi haina uso. Inabaki na sauti, mdundo na maneno, na inapaswa kusimama mara ya kumi, wakati mshangao umekwisha. Kwa kumsifia kijana kwa kiitikio tu, tunamfundisha kwamba ubeti wa tatu ulikuwa hasara ya muda, na katika rekodi ya pili hatauandika.

Lakini nisingekuwa mkweli kama ningeishia kwenye wimbo huo mzuri, kwa kuwa katika rekodi hiyo hiyo kuna mwingine ambao siwezi kuutetea. Ni wimbo wa mlinzi wa getini. Mlinzi ni Mmaasai, na anachofanya rapa kwa dakika tatu ni kumwigiza anavyotamka Kiswahili, akichanganya maneno na kushindwa kuelewa maagizo ya bosi. Niliyaandika mashairi yake kwenye karatasi na kuyasoma kwa matamshi ya kawaida, na hakikubaki kitu: hakuna kisa, hakuna mgeuko, hakuna mstari mmoja unaosimama wenyewe. Kicheko chote kilikuwa kwenye lafudhi. Hapa ndipo wakosoaji wangeweza kumbana kijana huyu barabara, lakini hawakugusa kabisa, kwa sababu walikuwa wameshughulika kuuliza kama yeye ni mwana hip hop halisi. Huyu mlinzi anayechekwa ni mtu aliyeacha boma lake Monduli au Longido, analala nje ya nyumba za watu wa Njiro ili wao walale ndani, na Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu.

Wapo watakaosema kwamba huo ni utani, na utani ni wetu. Ni kweli kwamba ni wetu, na kwa sababu hiyo tunazijua kanuni zake. Mchaga na Mpare wanataniana, wanaitana wabahili na wagomvi, na mtu wa nje anaweza kudhani watapigana; lakini kila mmoja ana zamu yake, anayetaniwa leo anajibu kesho, na kwenye msiba mtani ndiye anayeruhusiwa kusema ambayo ndugu hawawezi kuyasema. Utani una pande mbili. Mlinzi katika wimbo ule hana upande. Hana studio, hana mdundo wa kujibu, na wimbo unapigwa kwenye simu ya kijana wa nyumba anayoilinda. Lifananishe hilo na walichofanya X Plastaz zaidi ya miaka ishirini iliyopita katika mji huu huu: walimwingiza Yamat ole Meipuko, Mmaasai, akaimba kwa Kimaasai ndani ya wimbo wa hip hop, kwa sauti yake na kwa namna ya kwao, na wao wakachana kumzunguka. Alikuwa mwenzao kwenye rekodi. Hakuna aliyehitaji kumwigiza kwa sababu yeye mwenyewe alikuwepo.

Swali hili la nani anamcheka nani limemfuata hata mchekeshaji aliyefanikiwa zaidi wa miaka ya karibuni huko Marekani. Lil Dicky, mzungu wa tabaka la kati aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya matangazo, alichangisha zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa mashabiki wake, akatoa Professional Rapper mwaka 2015, na albamu hiyo ya kwanza ikaingia chati kuu katika nafasi ya 7. Wimbo wenye jina la albamu umepangwa kama usaili wa kazi: yeye ni mwombaji, Snoop Dogg ndiye mwajiri. Waliompinga hawakusema kwamba hajui kuchana, maana anajua. Walisema kwamba anauchukua utamaduni uliojengwa na watu weusi maskini na kuufanya mzaha kutoka mahali pa usalama. Nadhani hoja hiyo inampata katika baadhi ya nyimbo na inamkosa katika zile anazojicheka mwenyewe, hasa ule wa kusifu ubahili, unaokejeli mazoea ya marapa kuonyesha fedha wasizonazo. Ninalotaka tulione ni namna ya kuhukumu: wimbo kwa wimbo, kwa kutazama kicheko kinaelekea wapi. Hukumu ya jumla, kwamba huyu ni halisi au si halisi, haikutusaidia kumwelewa yeye na haitatusaidia kuwaelewa vijana wetu.

Lipo pia suala la midundo, ambalo nitaligusa kwa ufupi. Wengi wa wachekeshaji hawa wameanza kwa kuchana juu ya midundo ya nyimbo za watu, jambo ambalo kwenye kipande cha mzaha hakuna aliyejali. Rekodi inayouzwa ni habari nyingine. Biz Markie mwenyewe alishtakiwa kwa kutumia kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila idhini, na hukumu ya mwaka 1991 iliyomwangukia ilibadilisha namna rap nzima ya Marekani ilivyotengenezwa, kiasi kwamba albamu yake iliyofuata, ya mwaka 1993, aliipa jina la kutangaza kwamba vipande vyote vimeombewa ruhusa. Sisi tuna sheria yetu ya hakimiliki na hakishiriki ya mwaka 1999. Maprodyuza wa Arusha wana haki ya kudai chao, na msanii anayetaka kuchukuliwa kama rapa alipie mdundo kama rapa.

Malalamiko kwamba wachekeshaji wanachukua nafasi za maonyesho za marapa wa siku nyingi ni ya kweli kwa sehemu, kwa kuwa mwandaaji wa tamasha anaajiri anayejaza ukumbi na mchekeshaji anaweza pia kuwa mshereheshaji kwa malipo yale yale. Hilo ni tatizo la waandaaji na la mikataba yao. Kumkatalia kijana jina la rapa hakutamwongezea mkongwe hata shilingi.

Kinachohitajika ni kubadilisha kazi ya wale wanaosimama kati ya rekodi na msikilizaji. Kipindi cha redio kinachomwalika mchekeshaji kinapaswa kuupiga wimbo wake wote, sio kiitikio, na mtangazaji amwulize kuhusu mistari badala ya kumwomba aigize sauti ya mama mwenye nyumba. Marapa wa Kijenge na Ngarenaro wenye majina wamfungulie nafasi kwenye duara la mitindo huru, yaani kuchana papo kwa papo, wachane naye ana kwa ana bila kamera ya kuhariri makosa, wamwache aanguke kama hajui na wakubali kama anajua. Mji huu una uzoefu wa kutosha wa kumtambua asiyejua. Na kijana mwenyewe, ambaye ameonyesha katika wimbo wa harusi kwamba anaweza kumtazama mfanyakazi asiyeonekana mpaka akatuonyesha ukumbi mzima kupitia macho yake, anadaiwa kazi hiyo hiyo kwa mlinzi. Mlinzi wa getini anajua nani amerudi saa ngapi, na gari la nani, na bosi gani hajalipa mshahara wa miezi miwili. Akiachiwa ubeti wake, wenye nyumba ndio watakaokuwa na wasiwasi wimbo ukianza.